Paja la Krismasi Lisirudi Chunguni

Chanji, Sumbawanga
10 Novemba 2024

Na jambo jingine ambalo halikuenea kwenye ile karatasi ya kwanza, shangazi, ni kwamba anapiga mluzi akinyoa ndevu. Nyimbo za kanisani! Mimi nakaa mlangoni na beseni la mboga, najifanya nachambua, kumbe nasikiliza. Juzi nilichambua fungu zima la mchicha mpaka yakabaki mashina matupu, naye akala mashina yale akasema mboga tamu. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?

Shikamoo shangazi yangu. Mguu unaendeleaje? Na sikio? Cornelius anasema tukununulie simu yenye sauti kubwa. Nikamwambia, humjui shangazi, ataiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Sisi huku ni wazima. Mvua za kwanza zimenyesha, na asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni duka la mama Ashura hapo ng'ambo ya njia, unasikia tu makufuli yake yakifunguka, moja, mbili, tatu. Nikisimama uani saa hiyo naona kama nyumba yetu imekatika kutoka duniani, inaelea peke yake, na ndani yake tupo sisi wawili na jiko la mkaa. Leo ndoa yetu ina wiki sita na siku moja. Nimehesabu mara mbili ili nizihesabu tena.

Lakini shangazi, kuna kitu kimoja kinanichoma. Siku ya harusi kiti chako hakuna aliyekikalia. Nilikitandikia kile kitenge chako cha ndege, na kila nilipocheza nilikitazama. Wewe ndiye uliyenilea tangu nina miaka minne. Nyumba niliyoolewa hujaikanyaga bado, kwa hiyo kwangu haijawa nyumba kamili.

Ndiyo maana nakuomba uje Krismasi. Nitakuambia na sababu nyingine. Tajiri wake Cornelius, yule wa ng'ambo anayempakilia mahindi kwenye lori, ametupa zawadi ya harusi. Ni paja zima la nguruwe, kilo nne, la kuvutwa moshi, limepikwa tayari kiwandani. Cornelius atapita nalo mpakani Kasesya katikati ya Desemba. Ameshawatangazia ndugu zake, na ukoo wote unakuja kwetu kula mchana wa Krismasi. Watu kumi na wanne! Mimi sijawahi hata kuliona paja la namna hiyo. Na mama mkwe wangu, Mama Redempta, alipika misheni miaka mingi, jicho lake jikoni halikosi kitu. Wewe pia ulipika misheni zamani. Labda mnajuana?

Njoo ukae pembeni yangu tu, hata usiponyanyua mwiko.

Mwanao anayeelea,
Jovina


Mwazye
21 Novemba 2024

Jovina mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Mguu upo. Sikio la kushoto limefunga duka, la kulia linafungua asubuhi tu. Simu msinunue, ikilia nasikia nyuki. Wewe niandikie, barua haikatiki katikati.

Mbuzi amezaa mapacha. Maharage ya upande wa mtoni yameota vizuri, ya upande wa barabara yamepitiwa na ng'ombe wa Clemens, na Clemens anasema si ng'ombe wake, ni wa kufanana. Nimefurahi kusikia mumeo anapiga mluzi. Lakini mchicha usiumalize.

Sasa hilo paja. Soma polepole, maana nitaandika mara moja.

Limeshapikwa. Aliyelipika alimaliza kazi yake, wewe unalipasha moto. Ndani litakuwa jekundu kama shavu la mtoto wa Kizungu, na litabaki jekundu, maana ni dawa ya chumvi iliyolishika rangi ile. Sisi tumelelewa kwamba nguruwe mwekundu ni tegu tumboni, tunamchemsha mpaka awe kijivu. Kwa nguruwe wa bandani kwetu ni kweli. Kwa hili si kweli.

Litoe kwenye baridi saa moja kabla. Chukua sufuria yako kubwa kuliko zote, panga magunzi ya mahindi chini, mwaga maji yasiyofunika magunzi. Paja likae juu ya magunzi, lisiguse maji. Lifunike na majani ya mgomba, kisha mfuniko mzito. Moto uwe wa kunong'ona. Saa mbili, na usifunue funue. Halafu ondoa majani, chora mafuta yake kwa kisu mishazari mishazari, kila panapokutana mistari chomeka karafuu moja, paka asali iliyokamuliwa ndimu. Rudisha mfuniko, weka makaa juu yake, robo saa. Likitoka, liache lipumue kabla hujalikata.

Ukilichemsha, chumvi na moshi vinaondoka na maji, nyama inakuwa nyuzi, na hakuna mtu duniani anayeweza kuirudisha. Mfupa tu ndio wa kuchemsha, siku ya pili, na maharage. Akija mtu akaona wekundu akasema lirudi chunguni, usilirudishe. Hata akiwa mkweo.

Kuhusu Krismasi, mguu huu hauna safari. Nitawaombea.

Shangazi yako,
Kristiana


Chanji
3 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo! Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Cornelius naye ameisoma, akasema wewe ungefaa kuwa mwalimu wa udereva: usifunue funue, moto wa kunong'ona.

Na unajua nimefanya nini? Mazoezi. Sikuwa na paja, nikachukua boga. Nikalipanga juu ya magunzi, majani ya mgomba, mfuniko, saa mbili sikufunua. Nilikaa kwenye kigoda nalitazama sufuria kama mtu anayengoja jua lichomoze. Mvuke ulitoka kidogo kidogo pembeni ya mfuniko, mvua ikawa inanyesha juu ya bati, na nikasinzia palepale mchana kweupe. Nikaota meza ndefu, imetandikwa juu ya ukungu, haina miguu, watu wote wamekaa na hakuna anayeanguka. Wewe ulikuwa mwisho wa meza, unacheka, sikio lako limepona. Nikaamka boga linanukia asali. Tumekula boga siku tatu, na Cornelius hakulalamika. Alisema tu, "Mke wangu, huyu nguruwe wako wa kijani ana mbegu nyingi."

Habari za huku: mama Ashura atatuazima viti ishirini na sahani za pilau. Amesema atakuja kutusalimia Krismasi na sambusa zake, atakaa upande ule upepo unakotoka. "Mimi na huyo mgeni wenu tusalimiane kwa mbali," amesema. Friji lake ni kubwa, lakini hilo hata sikulifikiria. Paja litakaa kwa Tadei wa kitimoto pale chini, ameshanipa kona kwenye jokofu lake na kuandika jina langu kwenye plasta.

Sasa nikuulize, na usikasirike. Umeandika "hata akiwa mkweo." Kwa nini? Jumapili nilikwenda kumsaidia Mama Redempta kupepeta ulezi. Nikamtajia jina lako, nikasema shangazi yangu Kristiana wa Mwazye ndiye ananifundisha kulipasha lile paja. Aliendelea kupepeta, lakini ulezi ulimwagika nje ya ungo, na yeye hamwagi. Kisha akaniuliza kama mvua zimefika Mwazye.

Mnajuana, sivyo? Niambie, shangazi. Mimi sasa ni mtu mzima, nina mume na masufuria.

Mguu naujua. Mguu huo ulipanda kilima kuchota maji mwezi Agosti, niliuona mwenyewe.

Njoo.

Jovina


Mwazye
18 Desemba 2024

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Mvua zimefika, tena zimezidi. Basi linaishia Matai, kutoka hapo ni Fransisko na bodaboda yake, naye anachagua siku. Sijui barua hii itakufikia lini. Mbuzi mmoja kati ya mapacha amekufa, mwingine anakunywa kwa wawili.

Umeuliza jambo ambalo sitalijibu kwa kalamu. Usimuulize mama mkwe wako pia. Ni mama yake mumeo, amekupokea vizuri, hayo yanatosha. Nilipoletewa posa nilijua kila kitu nilichohitaji kujua, na nikasema mpeni kijana majibu mazuri. Sijajuta.

Ile barua yangu ya kwanza niliandika kwa ukali. Nimefikiri tena. Kama siku hiyo mtu ataona wekundu na kutaka paja lirudi chunguni, mpe. Mpe tu, ucheke. Usigombane na ukweni kwa sababu ya nyama. Mimi nimegombana na mtu moyoni mwangu miaka thelathini na nane, na nyama haijarudi.

Boga ni wazo zuri. Asali iwe kidogo.

Kristiana


Chanji
28 Desemba 2024

Shangazi,

Barua yako ya tarehe kumi na nane imefika leo. Ilikaa Matai siku nane kwenye mfuko wa mtu, ina tope pembeni. Namshukuru Mungu kwa tope lile. Ingefika kabla ya Krismasi ningekutii, na yote nitakayokuandikia hapa yasingetokea.

Shikamoo. Sisi wazima. Kaa chini kwanza.

Siku ya Krismasi tulitoka misa ya kwanza na ukungu bado umelala njiani. Nilifanya kila ulichosema. Magunzi, majani, mfuniko. Nilifungua mara moja tu, wakati wa asali. Cornelius aliniwekea makaa juu ya mfuniko, moja moja kwa koleo, kama anawasha mishumaa. Harufu ilipotoka, shangazi, ilikuwa ya moshi na karafuu na kitu kingine kama nyumba ya mtu anayekusubiri. Mama Ashura kule kwake alipaza sauti, "Jovina! Mgeni wenu ananukia, lakini mimi sijasema kitu!"

Saa saba wote walikuwa mezani. Nilileta paja kwenye sinia, linang'aa, karafuu zimejipanga, watu wakapiga makofi. Cornelius akakata kipande cha kwanza. Kikaanguka pembeni, chekundu.

Watu wakakiinamia kukitazama.

"Hee!" akasema baba mdogo wake, Mzee Beda. "Mbona hili bado lina damu?"

"Si damu, baba," nikasema. "Limeshapikwa. Imeandikwa kwenye ganda lake."

"Karatasi haina tumbo, mwanangu. Mimi ninalo." Watu wakacheka. "Bibi harusi anataka kutumaliza kabla ya mwaka mpya! Lirudishe chunguni, lichemke saa moja tu. Hatuna haraka, vinywaji vipo."

"Mimi nakula hivi hivi," akasema Cornelius.

"Wewe umeoa juzi. Ungekula hata mkaa."

Wakacheka zaidi, na shangazi mmoja wa kwao akaanza kusogeza sinia kuelekea jikoni, kwa upole tu, kama mtu anayekusaidia. Nililishika sinia upande wangu. Nilitaka kusema maneno yako, lakini maneno yako yalisema "hata akiwa mkweo," na mkwe wangu alikuwa amekaa palepale mbele yangu. Nikaona ile meza niliyoiota, haina miguu, nikajua sasa tunaanguka.

Mama Redempta akasimama. "Liacheni hapo," akasema.

Akanyoosha mkono, akachukua kile kipande chekundu kwa vidole, akakila chote mbele yetu, polepole, mpaka mwisho. Akafuta vidole. Kisha akasema, na mimi nakuandikia kama alivyosema, maana sitasahau hata neno.

"Mwaka themanini na sita, jikoni misheni, Sista alituachia paja kama hili kwa ajili ya Krismasi ya mapadre. Akasema pasheni moto tu. Mwenzangu alilipasha vizuri kabisa. Mimi nilikuwa mkubwa wake. Niliona wekundu nikasema, unataka kuua mapadre kwa tegu? Nikalitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mwenzangu alinishika mkono, akalia, nikamsukuma. Likawa nyuzi. Sista alipokuja akauliza, nani amefanya hivi? Mimi nikatazama sakafu. Mwenzangu alikuwa amepata nafasi ya chuo cha upishi, aanze Januari. Alirudishwa kwao siku ileile, na watu wakampa jina la Kristiana Supu. Kwenye ile nafasi nilikwenda mimi."

Mzee Beda alikuwa ameshika glasi tu.

Akanigeukia. "Siku ya harusi yenu niliona kiti kina kitenge, nikauliza ni cha nani. Waliponitajia jina na Mwazye, nilijua. Nikaenda kucheza kama sijasikia. Leo ndiyo mara yangu ya pili kuona paja hili likivutwa kwenda chunguni. Safari hii sikutazama sakafu."

Shangazi! Ulijua. Wazee wa posa walipokaa barazani kwako na kutaja mama yake Cornelius ni nani, ulijua, na uliniangalia mimi ninavyotetemeka kwa furaha, ukasema kijana ana heshima. Ukajitoa wewe ili mimi niingie. Na mimi nilikaa hapa nahesabu wiki zangu za raha!

Nililia mezani, mama mkwe akalia, Cornelius akawa anakata nyama kwa kasi asijue afanye nini. Mzee Beda ndiye aliyetuokoa. Alichukua kipande, akakitazama, akafanya ishara ya msalaba, akala. Akachukua cha pili. "Kumbe tegu wa ng'ambo ni mtamu," akasema. Walimaliza lote, shangazi, mpaka ngozi.

Mfupa haukutupwa. Mama Redempta aliuacha na nyama ya kutosha, akaufunga mwenyewe kwa kitambaa chake, hakutaka mtu mwingine auguse. Ulilala kwenye jokofu la Tadei na kesho unapanda basi la alfajiri mpaka Matai. Nimemwomba Fransisko asichague siku.

Mama mkwe ananiuliza kila asubuhi, "Ameandika?" Anataka kukuandikia, anashika kalamu, anaiweka chini. Cornelius anasema atakuja kukuchukua na lori akirudi Kasesya.

Nimekuandikia yote ili usiseme hukusikia. Tafadhali.

Wako, ambaye leo hana mluzi wa kusikiliza maana amemkalisha mumewe aandike anwani,
Jovina


Mwazye
9 Januari 2025

Jovina mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Hapa tu wazima. Yule mbuzi aliyebaki ameanza kuruka. Clemens amekubali kwamba ng'ombe walikuwa wake, ameleta debe la mahindi bila kudaiwa. Mwaka umeanza vizuri.

Mfupa umefika. Fransisko aliuleta siku ileile basi lilipofika, bado una baridi. Kile kitambaa nakijua. Ni cha jikoni misheni, kona yake ina msalaba mwekundu wa uzi. Redempta ndiye aliyeushona, mimi nilimshikia taa ya kuonea. Sikujua kama alikiweka miaka yote hii.

Nimeuchemsha na maharage mapya. Nimekula, nikaongeza, kisha nikakaa mlangoni mpaka ukungu ukafika miguuni. Ladha ni ileile. Ile siku niliionja kabla haijaharibika, kipande kidogo cha pembeni, na nilikuwa nimeisahau. Ninafurahi kwamba hukulirudisha. Ninafurahi kwamba barua yangu ilichelewa.

Sasa mwambie mama mkwe wako asiniandikie. Alichokisema mbele ya watu kumi na wanne hakikufika Mwazye, masikio yangu hayasikii mbali. Mwambie anisubiri mezani kwako. Nitakaa upande wake wa kushoto, ili sikio langu la kulia liwe kwake. Aseme tena, tena kwa sauti, mpaka mama Ashura kule dukani asikie. Nikishasikia, nitakula naye.

Cornelius asisumbuke na lori. Barabara ikikauka kidogo nitapanda basi kama watu. Mguu umepona wenyewe.

Nitunzie magunzi, nitapika mimi. Na kile kiti ukitandikie kitenge changu cha ndege, maana kabla Januari hii haijaisha nitakuja kukikalia.

Shangazi yako,
Kristiana